Kanga Alivyoyafunika Mayai ya Kobe

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mmeitika kama wenye njaa? Paukwa tena!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale aliondokea Kobe, na jirani yake Kanga, ndege wa madoadoa na mdomo usiopumzika.

Asubuhi moja Kobe akaenda mchangani, mahali peupe pasipo mti. Akachimba, kwaru, kwaru, kwaru. Akataga mayai sita. Akayafukia. Akaushindilia mchanga kwa tumbo lake, pu, pu, pu. Halafu akaondoka zake.

Akaondoka! Kanga akabaki mdomo wazi.

"We Kobe! Unakwenda wapi?"

"Malishoni, jirani."

"Na mayai?"

"Si hayo hapo?"

"Nani atayaatamia?"

"Kwetu hatuatamii."

"Salaale! Mama gani wewe?"

Kobe akaenda, taratibu. Jua likapanda. Kanga akaukanyaga mchanga, akaruka. "Uwi! Watoto wa watu wanachomwa kama mihogo!" Huruma ikamshika. Mbio mbio akaleta majani mabichi, akafunika. Akaleta matawi, akafunika. Jua likichungulia, anaongeza. Siku nenda, siku rudi. Na huruma ile, jamani, ilikuwa ya kweli.

Siku za kuanguliwa zilipokaribia, Kobe akarudi kuwasikiliza wanawe. Akakuta lundo la majani.

"Nani amefanya haya?"

"Mimi!" Kanga akavimba kifua. "Wala usinishukuru."

Kobe akafukua. Akagusa yai. Baridi. Akagusa la pili. Baridi. Akaweka sikio. Kimya.

"Kanga, umeniulia wanangu."

"Mimi? Mimi nimewakinga na moto!"

"Moto huo ndio uliokuwa ukiwaatamia."

Kanga akapigapiga mbawa. "Haiwezekani! Joto la yai hutoka kifuani kwa mama!"

"Na kifua chako hulipata wapi?"

"Kwenye chakula. Nakula mtama."

"Na mtama hupata wapi nguvu za kukua?"

Kanga akatazama juu, kwenye jua. Lo! Maisha yake yote alikuwa akila jua, punje kwa punje, wala hana habari!

Wakayatupa majani yote. Wakangoja. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kanga hakula, hakunywa, hakusema. Kanga, hakusema! Siku ya tano, kwa! Yai moja likapasuka. Wakangoja mengine. Mengine hayakupasuka kamwe.

Kitoto kikatoka, mchanga machoni. Kikampita mama yake. Kikampita Kanga. Kikaenda kusimama penye jua kali, kikanyoosha shingo, kikatulia.

Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Nishati ya viumbe wale ilitoka juani. Kwa Kobe ilipita mchangani ikawa joto. Kwa Kanga ilipita kwenye mtama, ikaingia tumboni, ikawa joto na mbio na kelele. Njia mbili, chanzo kimoja. Na anayemsaidia mwenzake bila kumwuliza anaishi vipi, huenda akamwua kwa huruma.

Hadithi yangu imekomea hapo, na mayai matano yamebaki mchangani.