Chapa ya Ndani ya Bangili

Niwaombe radhi mapema, wapendwa: mfano huu nitauharibu. Nilimsimulia mke wangu jikoni, akaniambia, "Baba Tumsifu, pale pa kushtuka wewe ndipo unapocheka." Basi mkiniona nacheka, ninyi shtukeni.

Kulikuwa na sonara mmoja aliyerithi duka la babu yake. Duka lenyewe, weee! Vioo mpaka darini, na maharusi walitoka mikoa ya mbali waje kuvishwa pale. Jina hilo lilijengwa na desturi moja aliyoianzisha babu: dhahabu bandia ikiingia mlangoni, haitoki nzima. Inakatwa kwa mkasi wa chuma juu ya kaunta, watu wakiona. Ndiyo maana mjini ukisema, "Hii nimeinunua kwa fulani," hakuna aliyekuuliza zaidi.

Siku moja duka limejaa, akaingia bibi mmoja na bangili yake. Hakuja kuuza. Alitaka ing'arishwe tu, mjukuu wake aolewe nayo. Sonara akaisugua kwenye jiwe la kupimia, akadondoshea tindikali. Mstari wa njano ulioachwa na bangili jiweni ukayeyuka wote; dhahabu halisi ingebaki.

"Bibi! Unaniletea shaba?"

"Shaba? Mwanangu, hiyo nilivishwa na marehemu mume wangu."

"Basi marehemu alikuoa kwa koki ya bomba!"

Duka zima likaangua kicheko. Bibi akajifunika uso kwa khanga. Je, yule bwana alimvuta pembeni amnong'oneze? Thubutu! Kriki! Bangili vipande viwili. Akaokota kimoja, akafuta uchafu wa ndani kwa kidole gumba, akaona chapa ya aliyeitengeneza. Akampa bibi harusi aliyesimama jirani.

"Dada, hebu tusomee jina la huyo tapeli. Kwa sauti, mpaka barabarani wasikie!"

Dada akasoma kimoyomoyo. Akainua macho kwenye kibao cha duka. Akasoma tena, sasa kwa kunong'ona: jina la babu.

Babu! Yule yule wa mkasi!

Wanawake wakaanza kuvua bangili zao, mmoja baada ya mwingine, wakizipanga mbele ya sonara. "Na hii, kaka. Pima na hii."

Mbona mmenyamaza, wapendwa? Sisi tuna mikasi mingapi? Binti akipata mimba, kriki! Kijana akinuka pombe, kriki, mbele ya kusanyiko! Nani kati yetu amewahi kutazama chapa ya ndani kwanza? Binti huyo alilelewa na nani? Kijana huyo alionjeshwa na nani, kwenye arusi ya nani?

Mfano huu niliuandaa wiki nzima kwa ajili ya mzee mmoja wa kanisa, bingwa wa kuwaumbua wenzake. Nilinoa kila neno. Leo natazama benchi hadi benchi, simwoni. Kumbe aliyekuja hapa amekusudia kumwaibisha mtu hadharani ni mmoja tu, na ndiye mliyemshikisha maikrofoni.