Zamu za Tanuri Moja

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzi tu, palikuwa na Profesa Zamda, aliyefundisha chuoni elimu ya kupanga kazi: ipi itangulie, ipi isubiri, mashine isikae bure na mtu asichoke kungoja. Wanafunzi wake wa uzamili walikuwa watatu: Nzowa, Asteria na Makame. Wote walitaka kuendelea na uzamivu, na hakuna aliyeweza kujilipia. Nafasi ya ufadhili ilikuwa moja.

Profesa akawapeleka kwenye karakana ya miguu ya bandia. Watu arobaini walikuwa wakisubiri, na tanuri la kulainishia plastiki lilikuwa moja.

"Wapangieni zamu," akasema. "Atakayewafaa zaidi watu hawa, nitaandika jina lake."

Nzowa akaanza. Siku ishirini alikaa kando ya tanuri, akipima kila kazi. Mafundi walimwita Mwadhini, maana hakuacha kutazama saa. Yeye akaendelea kuandika daftarini. Akagundua kuwa mguu wa chini ya goti huchukua saa moja, na wa kuanzia nyongani huchukua siku nzima.

Asteria akalichukua daftari lile, akapiga hesabu, akapata kanuni: kazi fupi itangulie, ndefu ifuate. Foleni ikapungua. Waliokuwa wakisubiri wiki wakasubiri siku.

Lakini kila asubuhi zilifika kazi fupi nyingine, na kila asubuhi Mzee Hafidhi alirudishwa nyuma. Mguu wake ulianzia nyongani. Alikuwa amejaliwa safari ya Hija, na aliomba kwa Mungu aizunguke Kaaba akitembea. Hakulalamika. Alikaa kwenye benchi na tasbihi yake, akiwapisha wenzake.

Makame akamwuliza safari ni lini. Zilibaki siku mbili. Makame hakuomba ruhusa kwa mtu. Akabadili zamu, akamweka mzee mbele. Siku hiyo tanuri likawa la mzee peke yake. Watu wanane wakaambiwa warudi Jumatatu, na mmoja wao alikuwa mama aliyesafiri siku mbili, asiye na ndugu mjini wa kumlaza.

Mzee Hafidhi akaondoka akitembea.

Ndipo watatu wale wakasimama mbele ya Profesa.

Nzowa akasema, "Dada Asteria, bila saa yangu ungepanga nini? Ungepanga hewa."

Asteria akasema, "Kaka, saa yako haikumtembeza mtu hata mmoja. Kanuni yangu imewatembeza thelathini na wanane. Na huyu Makame ana huruma, sawa, lakini kesho akija mzee mwingine Makame hayupo. Kanuni itakuwapo."

Makame akasema, "Kanuni yako ingemwacha mzee kwenye benchi mpaka Kiyama. Ila yule mama niliyemrudisha, Profesa, sikumwuliza alilala wapi."

Profesa akaitoa fomu ya ufadhili. Kupima aliwafundisha yeye. Kanuni aliwafundisha yeye. Kuivunja kanuni hakuwafundisha, wala hakuwakataza, na hilo ndilo lililomshughulisha zaidi. Akaenda kuswali, akarudi, akaishika fomu. Ilitakiwa ofisini kabla ya alasiri, na ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina.

Basi enyi mnaosikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani?