Skrini Mbili za Bwana Kiboko

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa na nani?
— Na mkubwa.
— Mkubwa wa nini?
— Wa tumbo.

Ndiye huyo huyo. Mwaka ambao jua lilikausha mito yote, lilibaki bwawa moja tu, na ofisi ya bwawa aliikalia Bwana Kiboko. Aliikalia kweli, maana hata kiti hakikuonekana. Hakuna mnyama aliyeruhusiwa kunywa bila kibali cha Baraza la Msitu, na vibali vilikuja kwenye laptopu ya Kiboko. Kila asubuhi wanyama walipanga foleni. Kila asubuhi Kiboko alichungulia dirishani, akapiga mwayo, akasema:

"Mtandao hakuna. Rudini kesho."

Wakirudi kesho yake, "Mtandao hakuna. Rudini kesho." Wiki tatu nzima. Halafu yeye huyo, chubwi, anaoga peke yake.

Kwenye foleni alikuwamo Nguchiro, karani mdogo aliyewaandikia wenzake barua. Nyumbani watoto wake wanne walikuwa wanalamba umande, na umande nao ulikuwa unaisha. Nguchiro alikuwa na skrini moja nzuri, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Kiboko akaiona, akaichukua.

"Mkubwa hakai na skrini moja kama karani," alisema.

Akaiweka mezani kando ya laptopu yake. Giza. Akaizima, akaiwasha, tii. Giza. Akaipulizia, fuu. Giza. Akaipiga kofi, pa. Skrini ikaandika: Hakuna mawimbi. Siku ikamwishia hapo, na kazi nyingine, kama mjuavyo, hakuwa nayo. Mwishowe akamwita Nguchiro.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Skrini yako mbovu."

Nguchiro akaingia chini ya meza, akaufuata waya kwa pua. Waya ulitoka kwenye skrini, ukazunguka mguu wa meza, ukarudi kwenye skrini ileile. Laptopu haikuguswa kabisa. Nguchiro akauma mkia wake asicheke. Kisha akapanda mezani kuuchomeka waya mahali pake, na hapo kicheko kikamkauka.

Kwenye laptopu mtandao ulikuwa umejaa tele. Mchezo wa karata ulikuwa wazi, umefika nusu. Na nyuma ya karata ilikuwapo barua ya Baraza, ya wiki tatu zilizopita: Wanyama wote wanywe bila kibali mpaka mvua inyeshe.

Hasira ilimpanda Nguchiro mpaka kwenye kucha. Aliwawaza watoto wake na ndimi zao kavu. Lakini sauti yake ilitoka laini.

"Mheshimiwa, skrini si mbovu. Umeielekeza vibaya tu. Skrini ya pili ya mkubwa haimtazami mkubwa. Inawatazama watu, wapate kumwona."

"Wanione mimi?"

"Picha yako, mheshimiwa. Pale dirishani."

Kiboko alivuta tumbo ndani. Halikuingia. "Iweke."

Nguchiro akaigeuza skrini, akaielekeza kwenye foleni. "Sasa ionyeshe mambo yake, au yaleyale ya laptopu yako?"

"Yaleyale. Kila kilicho changu kiwe mara mbili."

"Umesema mwenyewe, mheshimiwa." Akafungua picha ya Kiboko kwenye laptopu, juu ya karata, akabonyeza. Tii. Sura ya Kiboko ikajaa dirisha zima, kutoka puani mpaka masikioni, na Mama Digidigi aliyekuwa mbele ya foleni akarudi nyuma hatua mbili.

Mlangoni Nguchiro akageuka. "Na lile la maji, Baraza bado halijajibu?"

"Bado. Mtandao hakuna."

Nguchiro alipotoka, Kiboko akaikumbuka ile barua. Akaona heri aifute. Akaifungua kwa kidole chake kinene, taratibu, na huko dirishani picha ikatoweka, barua ikatokea. Mzee Kobe akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na kwa mwendo wake yule yule. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho, laptopu ikauliza, na skrini ikauliza: Una hakika unataka kuifuta?

Foleni nzima ikakodoa macho. Kishale cha skrini kikatambaa, kikatambaa, kikatua kwenye Ndiyo. Tii.

Wanyama wakageuka, Nyati mbele, Nguchiro nyuma na watoto wake wanne aliokimbilia kuwachukua nyumbani.

Kiboko akarudi kwenye karata zake. Alipochoka, akachungulia dirishani, akapiga mwayo.

"Mtandao hakuna. Rudini kesho."

Foleni haikuwapo. Kutoka bwawani ilisikika gugu, gugu, gugu. Kiboko akakimbia, tumbo likamfuata. Alikuta Nyati wamejaa pale pake pa kuogea, na mbele yao Nguchiro, ndevu zikidondosha maji.

"Nipisheni, nina kiu," alisema Kiboko.

"Pole, mzee," akajibu Nguchiro. "Una kibali?"

"Mimi ndiye ninayetoa vibali."

"Basi tutauliza Baraza. Ila mtandao hakuna. Rudi kesho."

Ngano yangu imefika ukingoni mwa bwawa. Mwenye kiu anywe, mwenye bwawa asubiri. Na msije mkasema sikuwafunza kitu. Funzo lenyewe ni hili: waheshimuni wakubwa wenu, wanajua wanachofanya. Na ukitaka skrini mbili zifanye kazi, hakikisha ncha moja ya waya imeingia kwenye laptopu. Hayo mengine mliyoyasikia ni makelele ya bwawani tu.