Mguu wa Bunduki ya Kapaya

Bunduki haiulizwi bei, huulizwa iendako.

Ndivyo nilivyomwambia shemeji yangu juzi hapa uani, aliposema anataka kuiuza ile bunduki ya marehemu babu yenu kwa mtu aliyekutana naye mnadani. Nyinyi wanangu mkacheka. Mkasema, mama naye kwa woga, hata panya akipita anaita majirani. Baadaye mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Nawaandikia, maana nikisema kwa mdomo mtasikia nusu na nusu mtacheka tena. Methali hii ilianza hivi.

Zamani kidogo, upande wa Tabora, kulikuwa na mjane aliyeitwa Kalunde. Mume wake, Kapaya, alikuwa mwindaji. Alipokufa alimwachia mkewe nyumba, shamba, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Mihayo, na bunduki ya marisao yenye mtutu mmoja.

Sasa watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Ukiazima bunduki ya mtu ukaenda kuwindia, lazima umletee mwenyewe mguu wa nyuma wa mnyama uliyemuua. Mguu wenyewe uje mzima, na ngozi yake na kwato zake, ili mwenye bunduki aone kwa macho imeua nini. Hata ikiuzwa, mguu wa kwanza ulikuwa haki ya yule aliyeiuza. Wawindaji waliiogopa sana desturi hiyo. Walisema bunduki iliyonyimwa mguu humgeukia anayeibeba.

Mihayo alikuwa kijana mkubwa, ndevu zinaanza, na alikuwa akichunga ng'ombe wa tajiri mmoja huko mbali kwenye malisho ya kiangazi. Mama yake alikuwa halali vizuri. Huko kulikuwa na fisi, kulikuwa na wezi wa mifugo, na kijana mwenyewe analala kwenye kibanda cha nyasi. Kalunde akawaza: nikipata maksai wawili na plau, mwanangu atarudi alime kwake. Cha kuuza ninacho, kimening'inia ukutani.

Kwanza alikwenda mjini na kaka yake, Mayunga. Mjini kulikuwa na duka kubwa lililouza kila kitu, mabati, baiskeli, vitambaa, mpaka bunduki, na zilizotumika walizinunua. Karani aliifungua ile bunduki, akaichungulia ndani ya mtutu, akaitaja bei. Bei yenyewe haikutosha hata maksai mmoja aliyezeeka. Halafu akaanza maswali. Marehemu alikuwa na kibali? Kiko wapi? Nani shahidi kwamba wewe ni mke wake? Barua ya polisi umekuja nayo?

Kalunde akamgeukia kaka yake. "Hawa wananunua bunduki au wananioa?"

Karani akacheka, lakini bei hakuiongeza. "Mama, ndiyo kazi yetu. Bila barua ya polisi siigusi."

Walipotoka nje Mayunga akasema, "Dada, bei ni ndogo, nimeona. Lakini tufuate hiyo barua, tuwauzie. Au tuikabidhi polisi, yaishe."

"Polisi watanipa nini, kaka? Asante? Asante italima?"

"Basi ngoja nivune tumbaku. Nitaichukua mimi kwa kibali changu, nikupe maksai mmoja sasa na mwingine mwakani."

"Mwakani! Mwanangu analala na fisi, wewe unaniambia mwakani."

Wakarudi nayo nyumbani.

Haukupita muda akaja kijijini mtu aliyejiita Tungu, mnunuzi wa asali na nta. Alikuwa mpole, anasalimia mpaka watoto. Alisikia habari ya bunduki, akaja kwa Kalunde mchana kweupe, akaketi kwenye kigoda alichopewa.

"Mama, duka lilikwambia kiasi gani?"

Kalunde akamwambia.

"Wamekuonea. Mimi nakupa maksai wawili, na plau juu yake."

Moyo wa Kalunde uliruka. Lakini Mayunga, aliyekuwa anachonga mpini pembeni, akauliza, "Ndugu, wewe ni mtu wa asali. Bunduki ya nini?"

"Nyuki wako porini, kaka, na porini kuna chui," Tungu akajibu. Kisha akamwinamia Kalunde kwa heshima. "Nami ni mtu wa mila, mama. Mguu wa kwanza utaupata mlangoni pako."

Hapo ndipo Kalunde alipokwisha. Aliona mtu anayekumbuka mguu hawezi kuwa mtu mbaya. Mayunga alipotaka kuuliza zaidi, kwao wapi, anafahamiana na nani, dada yake akamkata.

"Kaka, wewe ulinipa mwakani. Huyu ananipa leo. Nyamaza."

Maksai wakaletwa, wazuri, weusi wote wawili. Bunduki ikashushwa ukutani. Tungu akaifunga ndani ya gunia la nta, akaenda zake. Kalunde akatuma salamu kwa tajiri kwamba mvua za kwanza zikinyesha, Mihayo aachiwe arudi nyumbani.

Asubuhi moja, mvua bado hazijaja, Kalunde alifungua mlango ili afagie uwanja. Mlangoni pamewekwa mguu, umefunikwa majani. Jirani yake, mama Shija, aliuona kutoka kwake akapiga kigelegele.

"Mama Mihayo! Mguu umekuja! Leo hatuli mlenda, eti?"

"Karibu, dada. Njoo unisaidie kuchuna."

Wakayaondoa majani, na kigelegele cha mama Shija kikafia mdomoni. Haikuwa kwato ya swala, wala ya pofu. Ilikuwa kwato ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa nyekundu, na juu kidogo ya kwato palikuwa na kidonda cha zamani kilichofungwa kwa ukanda wa gome la mti. Kalunde akalishika fundo la ukanda ule. Lilikuwa fundo la kuzungusha mara mbili na kurudisha nyuma, ambalo Kapaya alilitumia kufungia mitego yake, na alimfundisha mtu mmoja tu.

"Huyu ng'ombe amefungwa na mwanangu," akasema.

Alikwenda mbio bila kanga ya pili, na Mayunga akamfuata na wanaume wengine. Walimkuta Mihayo njiani, amebebwa kwenye machela na wachungaji wenzake. Alikuwa hai. Lakini marisao yalikuwa yameingia begani na kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Wezi walikuja wakati wa kunywesha, yeye akasimama mbele ya ng'ombe, akapigwa.

Alipomwona mama yake akasema polepole, "Mama, ilikuwa bunduki ya baba. Niliijua kwa kitako chake."

Kalunde akashika mti mmoja wa machela, akasaidia kubeba mpaka hospitali.

Mihayo alipona, lakini mkono ule haukunyooka tena, na vidole havikukaza kitu. Mvua zikanyesha. Maksai wawili weusi wamesimama zizini, plau mpya imeegemea ukuta, na kijana amerudi nyumbani kama mama yake alivyotaka. Aliishika plau siku ya kwanza kwa mkono mmoja. Maksai wakavuta, ikamponyoka, ikalala. Akainua, ikalala tena. Mama yake alikuwa ameshika kamba mbele, hakuthubutu kugeuka nyuma.

Tungu hakuonekana tena upande ule. Polisi walipokuja kuuliza, kwao ni wapi, nduguze ni kina nani, alielekea njia gani, alichojua Kalunde ni idadi ya maksai tu.

Baadaye mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, akaita baraza. Wazee walitaka kujua mambo yalivyokwenda, maana wengine nao walikuwa na bunduki nyumbani na wanunuzi walikuwa wakipitapita. Mzee mmoja akauliza kwa nguvu, kama mtu anayefungua kesi:

"Mama Mihayo, hebu tuambie kwanza. Uliiuza bei gani?"

Mayunga akataka kusimama amjibie dada yake. Kalunde akamvuta nguo akae, akasimama mwenyewe. Mihayo alikuwa amekaa karibu yake, mkono umelazwa mapajani.

"Bei, baba? Hata mimi niliuliza hiyo hiyo. Niliiuliza dukani nikaiona ndogo, nikaiuliza kwa Tungu nikaiona kubwa. Kaka yangu alipouliza jingine nikamwambia anyamaze." Akamtazama mwanawe, kisha akawatazama wazee. "Nyinyi mnaorudi nyumbani mkazikuta zenu bado ziko ukutani, lichukueni hili. Bunduki haiulizwi bei, huulizwa iendako."