Kiti Kilichoigiza Bila Mwenyewe

Usome taratibu, kisha mpelekee mwalimu mmoja unayemfahamu.

Shule moja ya milimani ilialikwa kwenye shindano la filamu za wanafunzi. Mada ilikuwa "Tusimwache Mwenzetu."

Atupele, msichana wa kidato cha pili aliyetumia kiti cha magurudumu, alimpelekea mwalimu wa chama cha filamu hadithi aliyoitunga mwenyewe: msichana asiyeweza kutembea anatafuta njia ya kufika shuleni. Mwalimu Mwakyoma aliipenda mno.

"Nami nitaigiza, Mwalimu?" Atupele akauliza.

"Tutapigia picha kule bondeni, mwanangu. Njia ni mbaya, utatuchelewesha. Ataigiza mwenzako Sekela. Wewe tuazime kiti tu."

Atupele alikubali, maana hadithi ilikuwa yake na aliitaka ionekane. Wakamkalisha kwenye benchi darasani, wakaondoka na kiti. Palipokuwa na mawe, walikibeba kwa zamu.

Filamu ilishinda. Siku ya tuzo, Sekela alipanda jukwaani kwa miguu yake. Jaji mkuu, mama wa makamo, akashangaa.

"Kumbe unatembea. Kile kiti ni cha nani?"

"Cha Atupele, aliyetunga hadithi."

"Yuko wapi?"

Mwalimu akawahi kujibu. "Tumemwacha shuleni, mheshimiwa. Ukumbi huu uko ghorofani."

"Na siku mliyopiga picha, alikaa wapi?"

Sekela akaangalia chini. "Kwenye benchi, tangu asubuhi. Tuliporudi jioni tulimkuta analia. Hakuwa na namna ya kwenda chooni."

Jaji akalitazama kombe lililokuwa mkononi mwake. Lakini matokeo yalikwisha kutangazwa, na kombe wakapewa. Watu wakapiga makofi, kwanza wachache, kisha wote.

Muhula uliofuata Atupele hakurudi. Baba yake alipoulizwa, alijibu neno moja: "Amekataa." Mwalimu Mwakyoma akawaambia wenzake kwamba watoto wa namna ile hukata tamaa upesi.

Filamu ile bado huonyeshwa wageni wanapofika shuleni. Wengi hutoka wakifuta machozi.

Funzo: Kabla ya kutengeneza filamu kuhusu mwenye ulemavu, tengeneza kwanza njia ya yeye kufika kwenye kamera. Kumlilia mtu uliyemfungia mlango si huruma.