Kibuyu Nyuma ya Ukuta

Paukwa! Semeni pakawa, mbona mnanong'ona? Haya. Zamani za waliowazika babu za babu zetu, mtama ukiwa ndiyo fedha, palikuwa na mji wenye kisima kimoja. Kimoja tu, wajukuu zangu.

Kisima kilizungushiwa ukuta mrefu, mbuzi wasitumbukie. Watu nao hawakuingia. Mtu aliweka mtungi wake nje, chini ya mfereji uliotoboa ukuta. Ndani, msimamizi wa kisima, Bwana Mshangama, aliteka kwa kibuyu cha mji na kumimina huku akihesabu kwa kuimba: "Kimoja eee! Viwili eee!" Kibuyu kimoja, kiganja kimoja cha mtama. Mtungi ulijaa kwa vibuyu kumi na viwili. Tangu mji uwe mji, kumi na viwili.

Mwaka mmoja mtungi ukaanza kujaa kwa kumi na vitano. Watu wakaguna. Kibuyu hawakioni, mtungi wanauona. Basi wakamlaumu mfinyanzi.

Mfinyanzi alikuwa Sikudhani, mjane aliyerithi kazi kwa mama yake.

"Mitungi yako ina tamaa," Bi Tatu, jirani yake, alimwambia. "Inakunywa kuliko ya marehemu mama yako."

"Nafinyanga kwa kipimo kilekile, Bi Tatu. Shibiri yangu hii hapa."

"Basi mkono umekua."

Watu wakacheka, wakaacha kununua. Sikudhani aliumia, aliumia sana. Mwisho akaanza kujishuku mwenyewe. Akapima, akapima tena, kisha akafinyanga mitungi midogo. Ikajaa kwa kumi na viwili! Watu wakamsifu, wakaenda nayo nyumbani, wakashinda na kiu. Mnacheka? Ndivyo walivyokuwa.

Kiu ndiyo iliyomzindua Sikudhani. Akakumbuka mtungi wa mama yake, wa mwisho uliobaki mjini, ambao Bi Tatu alihifadhia mbegu za kunde.

"Niazime, Bi Tatu."

"Na kunde zangu nitie wapi, kichwani?"

"Tia katika mtungi wangu. Si mkubwa?"

Wakaupeleka kisimani. "Kimoja eee!" Watu wakasogea. Kumi na viwili, maji hayajafika shingoni. Kumi na vitano, ukajaa.

Sikudhani akaugeukia ukuta. "Bwana Mshangama! Mama yangu yuko kaburini mwaka wa tisa. Alitoka lini kuja kuupanua mtungi huu? Hebu toa kibuyu tukione."

"Kibuyu ni cha mji. Hakitoki."

"Mji si ndio huu hapa nje?"

 Kisha mlango ukafunguka. Kibuyu kilikuwa kimekatwa mdomo, na kovu lake bado jeupe.

"Sikula mimi," alisema Mshangama. "Kamba zimeoza, ukuta unapasuka, mafundi wanataka mtama wao. Wazee wa mji waliogopa kuongeza bei, msije mkanung'unika. Wakaniambia nikate kidogo."

"Na jina langu," aliuliza Sikudhani, "nani alilila?"

 Bi Tatu alitazama miguu yake.

Watu wakaingia, wakaukagua ukuta. Kweli ulikuwa mbovu. Wakabishana mpaka jua la utosi, wakakubaliana: kibuyu kizima kirudi, mtungi ujae kwa kumi na viwili, lakini ulipiwe viganja kumi na vitano mpaka ukuta utengenezwe. Bei ikawa ileile, wajukuu zangu, ileile ya kibuyu kilichokatwa, wala hakuna aliyeguna! Na kibuyu kikatundikwa nje ya mlango, kila mtu akiguse.

Kwa hiyo, ukija kuwalipisha watu, waonyeshe kipimo. Ukikificha, watamlaumu asiyehusika.

Kesho yake Bi Tatu alikwenda kununua mtungi. Akatoa mtama wake. Sikudhani hakuupokea.

"Upime kwanza," alisema.

Yangu yamekomea hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi.