Kamba ya Ngamia wa Redio Koronde

Fumbo hili limenishinda, nawaachia nyinyi: ngamia jike mmoja, watu watatu, na uongo mmoja.

Koronde, mji wa kaskazini penye mawe meusi, ulifungua redio yake ndogo kwa kiapo. Wazee walisema: "Atakayesema uongo humu, sauti yake isisikike humu tena." Kazi wakaishika watu watatu. Diba alikuwa na macho: alikaa mlimani, akileta habari za mvua na malisho. Elema alikuwa na mikono: hakuna waya uliomshinda. Talaso, binti wa mzee Tumal, alikuwa na sauti; hata ngamia, watu walitania, husimama kumsikiliza.

Siku ya mnada watu walijaa kwenye laga, ule mto wa mchanga mkavu. Diba akaona mafuriko yakishuka kutoka upande wa pili wa mlima. Akakimbia hadi penye mtandao, akapiga simu redioni: "Maji yanakuja! Waondoeni!"

Upepo nao ukakata waya unaoshikilia mlingoti wa redio. Elema akaudaka ule waya, ukamchana viganja, asiuachie, redio isizimike.

Talaso akatangaza: "Tokeni lagani, maji yanakuja!"

Watu lagani wakazicheka redio zao. "Na jua hili? Binti Tumal, tuletee na sabuni basi!"

Talaso akawaona dirishani hawasogei. Kisha, kwa utulivu: "Lori la mahindi ya msaada limefika shuleni, kule juu. Wa kwanza ndio watakaopata."

Laga ikabaki na mbuzi tu.

Shuleni hapakuwa na lori. "Mwongo mkubwa! Yuko wapi?" Kabla hawajamtafuta, mngurumo ukawageuza. Maji mekundu yalikuwa yakibeba mbuzi, vibanda na pikipiki zao, na jua bado linawaka. Mama mmoja aliendelea kushikilia gunia lake tupu, mdomo wazi, kana kwamba mahindi yangemwagwa humo.

Mji ukatoa ngamia jike mwenye mimba, awe wa aliyewaokoa.

"Bila macho yangu mngejua nini?" akauliza Diba. Elema akainua viganja vyake. Talaso hakudai kitu.

Mzee Tumal, babake, ndiye aliyeongoza kile kiapo. Akasema: "Uongo uliotuokoa ni uongo. Siku nyingine ukituita, nani atakimbia?"

"Baba, ulitaka nifanyeje?"

"Hivyo hivyo ulivyofanya, mwanangu."

Wazee wakaamua kiapo kisimame. Na kwa kuwa redio haikuwa na mtangazaji mwingine, Talaso mwenyewe ndiye aliyesoma uamuzi: "Kuanzia leo, Talaso Tumal hatasikika tena katika redio hii." Akazima kipaza sauti.

Ngamia bado amefungwa uani mwa redio. Je, nyinyi mngemkabidhi nani kamba yake?